Mvua Iliyoishia Darajani

Ukurasa wa mbele (nimeuandika mwisho)

Wote wanaisimulia vibaya. Kinyozi ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu ana wembe mkononi, na kichwa kilicho chini ya wembe hakibishi. Anawaambia watu eti mimi niliifunga mvua. Niliifunga kwa nini, kwa kamba ya kiatu? Shemeji yangu mwashi anasema ilikuwa bahati tu. Huyo hata ukuta ukisimama wima anasema bahati, na kwa kuta zake ni kweli. Mke wangu anasema mimi nilikuwa nimelala muda wote. Basi kila mtu ana mvua yake. Yangu hii hapa, niliiandika ikiwa bado mbichi. Mbishi naye aje na shajara yake.

Jumapili, mwisho wa mwezi wa kwanza

Binti yangu kaniletea kitabu hiki cha tarehe. Kigumu, kina utepe mwekundu kama cha hakimu.

"Baba, kila mwaka unatuambia mvua ya zamani ilikuwa inakuja na tarehe yake mkononi. Safari hii andika inavyokuja, halafu tuone."

Nikamwambia mimi shule nilifika mlangoni, nikaona watu wamekaa kimya, nikageuza. Kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji.

"Ndiyo maana maneno yako mazito," akasema. Mdomo kanifuata mimi, maskini.

Sasa jambo lenyewe. Tangu mumewe afariki, binti yangu anakaa chumba cha uani kwa kaka yake, yeye na watoto wake pacha. Mkamwana wangu naye ni mjamzito, mtoto anatarajiwa katikati ya mwaka, na chumba kinatakiwa. Hakuna aliyegombana. Wamesemeshana vizuri kabisa, na hakuna kinachomtoa mtu ndani ya nyumba haraka kama maneno mazuri. Binti ana kiwanja chake bondeni, ng'ambo ya daraja, alichoachiwa na marehemu. Anataka vyumba viwili. Matofali tutafyatua wenyewe palepale, tuyakaushe, tuyachome, shemeji ajenge.

Kwa upande wa matofali amefika penyewe. Nyumba zote hizi mnazoziona, ile isiyoanguka ndiyo niliyoichomea tofali mimi. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni masika. Tofali likishachomwa, mvua inaliosha tu. Lisipochomwa, mvua inalirudisha kwa mama yake, tope.

Jumatano

Tumeanza. Udongo wa bonde lile mtamu, unashika kama deni. Binti anafyatua, mimi natoa amri.

Jioni nimepita kwa kinyozi, kibanda chake kiko huku upande wetu, hatua chache kabla ya daraja. Wakaniuliza, "Mzee, masika mwaka huu lini?" Nikasimama ili wanisikie mpaka benchi la nje. Nikasema: mvua kubwa haianzi kabla ya mwezi wa nne. Haijawahi, wala haitawahi. Ningekuwa mimi ndiye mvua, nisingethubutu.

Alhamisi

Jua.

Ijumaa

Jua tena. Shemeji kapita kiwanjani, kaokota tofali moja, kalinusa. "Hili mbona limepungua chumvi?" Nimemtupia donge la udongo, likampata. Jicho bado ninalo.

Jumanne, mwezi wa pili

Matofali ya kwanza yamekauka upande mmoja, tumeyageuza. Pacha wamechora nyuso kwenye mawili. Moja linafanana na shemeji, ila tofali lina shingo.

Jumamosi

Leo nimeaibika, lakini kidogo. Nilikuwa nyumbani, huku juu mlimani, nimevua viatu. Alasiri wingu likatokea nyuma ya kilima, likapasuka. Mvua ya kuvunja bati! Kuku wakajificha, uwanja ukawa mto. Nikasema ndiyo hivyo, matofali yamekwisha. Nikachukua turubai begani, peku, nikateremka huku maji yananifukuza. Kwa kinyozi mvua ilikuwa rasharasha. Darajani ilikuwa ukungu. Kiwanjani nimefika nimelowa mpaka kwenye mifupa, nikamkuta binti yangu anafagia vumbi.

"Baba! Umeanguka mtoni?"

"Mvua!"

"Mvua gani?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia nimeoga tu, mtu hawezi kuoga?

Jumatatu

Jua. Mafua.

Alhamisi

Sina utani leo.

Zamu ya kwenda kiwanjani asubuhi ilikuwa yangu, binti alikuwa amempeleka pacha mmoja zahanati. Niliamka, nikafungua dirisha. Mbingu nyeupe, safi, hata utando wa buibui hauna tone. Nikasema matofali yako salama, kwenda kufanya nini. Nikarudi kitandani. Mke wangu akaniuliza, "Huendi?" Nikamjibu, "Nimeshaitazama mvua, haipo." Nikalala usingizi wa mfalme.

Saa nne nikateremka polepole, napiga mluzi. Nilipofika darajani mluzi ukakatika. Barabara upande wa pili ilikuwa imelowa. Kule bondeni mvua ilikuwa imenyesha, na si ya mchezo. Safu mbili nzima, zile mpya, hazikuwa matofali tena. Zilikuwa zimelainika na kuegemeana kama walevi. Turubai lilikuwa pale pembeni, limekunjwa vizuri, nililikunja mimi mwenyewe jana.

Binti akaja na mtoto mgongoni.  Akainama, akaanza kukusanya lile tope ili lifyatuliwe upya. Nami nikainama. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri, na katika muda wote ule alisema mara moja tu, "Sogea kidogo, baba."

Nimekaa hapa nafikiri. Miaka yote niliyochoma matofali, nilikuwa nalala palepale kwenye tanuri, kibandani. Mvua ikinigusa mimi imeligusa tofali. Sasa nalala mlimani, na asubuhi natazama bati langu, nafikiri ndilo bati la dunia.

Ijumaa

Tumefyatua. Jua kali.

Jumapili

Binti kaja na makopo matatu ya rangi, matupu, yote saizi moja. Moja kaliweka kwangu uwanjani, moja nje kwa kinyozi, moja kiwanjani. Kila siku tunachovya kidole na kuona maji yamefika pingili ya ngapi.

Nikamwambia huo ni mchezo wa watoto. Akasema, "Basi usicheze." Nikacheza. Kinyozi naye anauliza kopo ni la nini. Nikamwambia la kukusanya uongo wake, limwagwe kila jioni.

Jumatano

Kwangu pingili mbili. Kwa kinyozi, kucha tu. Kiwanjani, mende.

Jumamosi

Kwangu pakavu. Kwa kinyozi pakavu. Kiwanjani pingili moja na nusu! Turubai lilikuwa juu ya matofali tangu alfajiri, binti alilala huko kwa jirani. Hakuna kilichoharibika.

Jumanne, mwanzo wa mwezi wa tatu

Nimeshaijua. Nasema nimeijua mimi, ingawa makopo ni ya binti; lakini nani kazaa binti?

Mvua ya alasiri inatoka nyuma ya kilima. Inapanda na mzigo wake, ikifika kwangu imechoka, inautua wote hapo. Ikiteremka mpaka kwa kinyozi imebaki na mkoba tu. Ng'ambo ya daraja haifiki. Ya asubuhi ni nyingine kabisa, hawajuani na hiyo. Ile inakuja na mto kutoka chini, inatambaa bondeni, inalowesha kiwanja, na kilima haikiwezi. Kwa hiyo ukiona kwangu kunanyesha, nenda kalale. Ukiona kwangu jua la asubuhi linacheka, kimbia!

Umri huu wote nasema "leo mvua imenyesha" kama vile mvua ni moja. Nyumba yangu na kiwanja cha binti, ukiita kwa sauti unasikika, na kila upande una mvua yake.

Shemeji nimemweleza. Akasikiliza kwa makini, kidevu mkononi. Halafu akasema, "Kwa hiyo unaniambia kwamba umekuwa mjinga kwa miaka sitini, na unajivunia kwamba leo umeacha?"

Nilimwoa dada yake kwa hasara kubwa.

Ijumaa

Matofali yamebaki kidogo kutimia vyumba viwili. Yale ya mwisho bado mabichi katikati, ukilivunja linakuonyesha ulimi. Yanataka majuma mawili matatu ya jua. Binti anasema tungoje yakauke yote, tuchome mara moja. Nikamwambia ngoja kwa raha zako, masika ni mwezi wa nne.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Akasema bila kuinua kichwa, "Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nimeishi hapa."

"Na mimi niliishi wapi?"

Basi akaanza. Yeye hahesabu miaka kwa tarehe, anahesabu kwa watoto. Kaka mtu alizaliwa mwaka ambao masika yalianza mwezi wa tatu haujafika nusu. Mkunga alivushwa mto mgongoni kwa mtu. "Mgongoni kwako wewe, na ulilalamika kwamba mzito." Huyu binti alizaliwa kwenye ukame. Alimwogesha kwa kikombe. Ukame ule haukuja peke yake, ulivuta na mwaka mwingine nyuma yake. Halafu ikaja miaka ya maji, daraja la kwanza likachukuliwa. Halafu tena vumbi, aliponyonyesha yule tuliyemzika.

"Na mwezi wa nne?" nikauliza.

"Mwezi wa nne ulikuwepo. Ile miaka tulipohamia hapa, una meno yote, una kazi, unaimba njia nzima." Akatikisa mboga, maji yakanirukia. "Mzee, wewe unakumbuka mvua ya siku ulizokuwa na furaha. Zile nyingine nilizikumbuka mimi."

Nimetoka nje nikaenda kutazama kopo.

Jumamosi

Sikulala vizuri. Nimejaribu kuikumbuka ile miaka ya mwezi wa nne na kuihesabu kwa vidole. Hata mkono mmoja haukuisha vidole.

Jumatatu

Kopo la kiwanjani limepata maji kila asubuhi tangu juzi. Si mengi, lakini kila siku yanapanda. Upepo wa mto una unyevu, na leo kwangu na kwa kinyozi pia kumelowa. Zile mvua mbili zisizojuana zimeanza kusalimiana.

Nimemwambia binti: tuchome sasa. Tuchome yaliyokauka, yale mabichi tuyaache.

Akasimama na ndoo yake. "Hayatoshi vyumba viwili, baba."

"Yanatosha kimoja na kibaraza."

"Tukingoja kidogo yatatosha viwili. Si ulisema mwezi wa nne? Ulisema mbele ya watu!"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa nasema vingine. Mama yako anaijua mvua kuliko mimi. Usimwambie nimesema."

Akanitazama sana. Ni jambo zito nilikuwa namwomba, najua. Vyumba viwili alivipima kwa kamba mwenyewe, kimoja chake, kimoja cha pacha. Akikosa tofali la kuchoma kabisa, anabaki kwa kaka yake na mtoto mchanga anazaliwa juu ya vichwa vyao, au anatafuta pa kupanga na hana pa kuanzia. Nikamwambia, tukichoma sasa unapoteza chumba. Tukingoja, unaweza kupata viwili, unaweza kupata tope.

Akaweka ndoo chini. "Haya. Lakini unapitisha kuni wewe."

Alikuwa anajua anachofanya. Njia ya kuni ni moja tu, mbele ya kinyozi.

Jumanne

Nimesukuma mkokoteni wa kuni mara sita mbele ya lile benchi.

"Mzee, mwezi wa nne umehamishwa?"

"Mzee, mvua imethubutu?"

"Mwacheni, anapika chai."

Maneno yangu nimeyala yote, makavu, bila maji ya kusukumia.

Jumatano

Tumepanga tanuri. Mashimo ya moto matatu chini, matofali juu, nje tumekandika tope lote. Hapa sikuwa na utani na mtu. Shemeji alikuja kusaidia, akawa ananipa matofali na kunyamaza. Ukimwona shemeji kanyamaza ujue anaona kazi safi.

Alhamisi

Tumewasha.

Ijumaa

Wasiochoma matofali hawajui jambo hili, ndiyo maana wanasimulia vibaya. Tanuri likishawaka huwezi kulifunika. Turubai linaungua. Huwezi kulizima pia, tofali linabaki nusu, si bichi si bivu, halifai kujengea wala kufinyangia. Mvua kubwa ikilipiga likiwa jekundu, linapasuka. Kwa hiyo ukishawasha, mnabaki watatu: wewe, moto na mbingu.

Alasiri moto ulikuwa umefika katikati. Nikaona nyuma ya kilima pamekuwa peusi. Nikasema hiyo ni ya kwangu, itaishia kwangu. Ndivyo makopo yalivyosema. Lakini makopo hayakuwahi kuona wingu kama lile. Liliufunika mlima, nyumba yangu ikapotea. Likateremka. Tulisikia mabati yakipigwa moja baada ya moja, kama mtu anayetembea juu ya mapaa akija kwetu. Likafika kwa kinyozi, na halikufika na mkoba, lilifika na mzigo mzima. Wateja wakakimbilia mlangoni, mmoja kichwa nusu kimenyolewa.

Binti akasema, "Baba."

Shemeji alikuwa ameshika gogo, hajui alitie motoni au ajifunike nalo.

Likafika darajani. Ninawaambia nilichokiona: mwanzo wa daraja maji yanaruka, mwisho wa daraja vumbi. Mvua imesimama kama pazia, unaona mpaka wake. Nami nikiwa pale mbele ya tanuri nikanyoosha mgongo. Nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, mgongo umekaza, nikainua mikono yote miwili juu nikajinyoosha. Basi. Kinyozi na wateja wake wakaniona kupitia pazia lile nimeinua mikono, na ndiyo hadithi yao yote.

Ikasimama pale muda wa kumaliza kikombe cha chai. Halafu ikaanza kuzeeka. Matone machache yalivuka, yakaangukia tanuri, chwii, chwii, yakawa moshi. Wingu likafuata mto likaenda zake.

Binti alikaa chini kwenye vumbi, vumbi kavu kabisa, akalishika kwa viganja viwili. Shemeji akalitia gogo motoni. "Bahati," akasema. Halafu akalisukuma gogo la pili pasipo na shimo.

Jumamosi

Moto umefika juu. Tumeziba midomo ya tanuri kwa tope. Sasa lijipoze lenyewe.

Jumatatu

Alfajiri imekuja ile ya mto, kubwa, bondeni kote. Hii hakuna aliyesema niliifunga. Imelichapa tanuri upande wa chini, tope la nje limebanduka, matofali ya pembeni yamepasuka. Zile safu mbichi tulizoziacha hazipo. Zimerudi ardhini, hata nyuso nyingine walizozichora pacha juu yake zimekwenda nazo. Mvua imepiga mpaka jioni, na huko mlimani pia, na kwa kinyozi pia. Makopo yote matatu yamefurika.

Ni masika. Mwezi wa nne haujaonekana hata kisigino.

Jumanne

Mvua.

Jumatano

Mvua.

Ijumaa, mwezi wa nne

Tumefungua tanuri. Ya nje tumetupa. Ya ndani mekundu, ukiligonga moja kwa jingine linalia kama kengele. Binti aligonga moja, akagonga la pili, akaendelea kugonga, kama mtu anayebisha hodi.

Chumba kimoja na kibaraza. Hesabu yangu haikukosea.

Jumapili

Mke wangu kauliza kama ni kweli nilisema anaijua mvua kuliko mimi. Watoto wa siku hizi hawana siri.

Mwezi wa tano, siku nyingi pamoja

Shemeji anajenga mvua ikipumzika. Ukuta mmoja una tumbo. Anasema ndivyo ulivyotaka.

Jumamosi, mwezi wa sita

Amehamia. Kaka yake na mkamwana wamembebea vitanda wenyewe, na safari hii maneno yao mazuri yalikuwa mazuri kweli. Pacha wanalala chumbani na mama yao, kibaraza kitazibwa mwakani, mvua ikipenda. Meza iko karibu na dirisha, hapo ndipo nimekaa naandika, na kanyunyu kanapiga bati lake jipya. Nimemuuliza mke wangu aliyeteremka nyuma yangu: kwetu kunanyesha? Akasema huko jua.

Binti kanitaka nimsomee kitabu chote. Nimemsomea. Amecheka pa kuchekea. Nilipofika ile Ijumaa ya tanuri aliacha kucheka, akanitazama vile alivyonitazama siku ya ndoo.

"Baba, mimi nilikuwa nyuma yako."

Basi. Haya. Mgongo haukuwa unauma. Mgongo wangu haujawahi kuuma, uliza mtu yeyote. Niliinua mikono nikaiambia: mgeni wangu, karibu, nyumba ni yako, lakini si leo, leo tuna moto. Nilisema kwa sauti, na nilisema zaidi ya mara moja.

Mvua ingeishia pale hata ningenyamaza. Lakini kinyozi asiambiwe.